Nehemia Alikagua Usiku

Somo la juma hili: Nehemia 2:11–18, 1 Wakorintho 3:5–9

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Huu ni msimu wa vikao. Kuanzia Buhongwa hadi Magu, na ng'ambo huko Sengerema, halmashauri za Kanisa letu la Anglikana zinakaa kupanga mwaka ujao, na mipango yenyewe ukiisoma haina tofauti kubwa kati ya parishi na parishi. Kupaua jengo. Kununua spika. Mkutano wa Injili wa siku tatu pamoja na kwaya mgeni. Halafu chini kabisa, mstari mmoja: "Kuongeza idadi ya waumini." Mstari huo haupingwi na mtu. Lakini pia haulizwi mtu waumini hao watatoka wapi, wanafanya kazi gani, na wanalala saa ngapi.

Nehemia alifika Yerusalemu akiwa na kila kitu ambacho kamati zetu huomba. Alikuwa na barua za mfalme, kibali cha miti ya kujengea, na askari wa kumsindikiza. Maono alikuwa nayo tangu Shushani, alikomtumikia mfalme, maana alikwisha kulia na kufunga kwa ajili ya mji huo. Angeweza kuitisha kikao siku ileile. Badala yake alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache na mnyama mmoja tu, "wala sikumwambia mtu neno hili Mungu wangu alilolitia moyoni mwangu." Akapita lango la bondeni, akafika lango la jaa, akazitazama kuta zilizobomoka. Mahali pengine kifusi kilikuwa kingi hata mnyama aliyempanda akakosa pa kupita. Mstari wa 16 unasema wakuu wa mji hawakujua alikokwenda. Ni baada ya hapo tu, katika mstari wa 17, ndipo anasema nao: haya, na tujenge.

Sisi tukishapata maono na fedha kidogo, mara nyingi wa kwanza kupigiwa simu ni mchapishaji wa mabango.

Kwetu huku Ziwa Victoria ipo sababu ya ziada ya kukagua usiku: usiku ndio watu wanafanya kazi. Simama ufukweni Igombe au Kayenze katika siku za giza, usiku usio na mbalamwezi, uangalie majini. Utaona taa zimetapakaa mpaka upeo wa macho, ungedhani kuna mji mwingine kule ziwani. Ni wavuvi wa dagaa. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Dagaa hufuata mwanga, na taa inavuta vizuri pale tu anga likiwa jeusi. Mwezi ukipevuka, mwanga wake unatanda juu ya maji yote na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya samaki. Kwa hiyo wavuvi wa dagaa hupumzika. Siku hizo utawakuta nchi kavu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanacheza bao, wengine wanakunywa, na wengine wanapanda magari kwenda kuwaona wake na watoto wao. Wiki ya mwezi mpevu ndiyo "Jumapili" yao.

Jumapili yetu wao hawana. Fikiria asubuhi ya siku ya ibada katika siku za giza. Mitumbwi imerudi alfajiri. Akina mama wamenunua dagaa kwa ndoo, wengi kwa mkopo, wamewamwaga juu ya mchanga au kwenye chanja na kuwatandaza. Kuanzia hapo, kazi ni kugeuza na kufukuza. Unageuza ili upande wa chini ukauke, unafukuza kunguru na korongo, na jicho moja liko kwenye mawingu ya ziwani. Mvua ikiwakuta dagaa wabichi, wanaharibika rangi na harufu, na mali iliyokuwa chakula cha watu inauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Saa tatu asubuhi, kengele ya kanisa inapogongwa, mama huyu yuko katikati ya saa zake muhimu kuliko zote. Tukimwandika kwenye daftari kuwa ni mlegevu wa ibada, tumekosea hesabu. Kwake kuhudhuria kuna gharama ya mtaji, na mtaji wenyewe si wake.

Niliwahi kuzungumza na mama mmoja mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotua, mikono yake ikiwa bado na magamba. Hakulalamika. Aliuliza tu kwa nini watu wa kanisa huja siku za giza, kisha wanasema watu wa mwaloni hawapendi neno la Mungu. Swali hilo lingefaa kuwa ajenda namba moja ya kikao chochote cha uinjilisti kinachofanyika ndani ya kilomita tano kutoka majini.

Sasa, wapendwa, sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Kanisa letu lina kalenda inayofuata mwezi, ila tumeshasahau. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baada yake. Kitabu cha Sala cha zamani cha Kiingereza kina majedwali marefu ya kukokotoa jambo hilo. Maana yake kwa ufukwe wetu ni hii: mwezi mpevu huangukia ndani ya Juma Kuu, au pembeni yake kabisa. Mwaka 2025 ulipevuka Aprili 13, Jumapili ya Matawi yenyewe. Mwaka 2027, Pasaka itakuwa Machi 28, na mwezi utapevuka Jumatatu ya Juma Kuu, Machi 22. (Jirani zetu Waislamu hawajaacha kuutazama mwezi hata mwaka mmoja. Sisi tunasubiri kalenda ya ukutani.)

Yaani katika siku zilezile ambazo Kanisa linasoma mateso ya Bwana, wavuvi wa dagaa wako nchi kavu na wana nafasi. Hatuhitaji kubuni wiki maalumu ya kuwafikia. Tayari imo kwenye kalenda tangu mababa wa Kanisa walipokubaliana juu ya Pasaka. Na katika juma hilohilo sisi tunafanya nini? Tunajifungia. Kwaya inafanya mazoezi ya mwisho, wazee wanagombana kuhusu ratiba ya sadaka maalumu, wachungaji wanazunguka mitaa yao wakiwa wamechoka, na mwaloni haendi mtu.

Najua majibu yatakayotolewa. Kwamba Juma Kuu ndilo juma ambalo mchungaji hana hata saa moja ya ziada. Ni kweli, na kasisi ni mmoja kwa mitaa mingi. Lakini usomaji wa habari ya mateso hauhitaji kasisi. Mwinjilisti, msomaji wa kanisa na vijana wanne wenye sauti nzuri wanaweza kuisoma Injili ya Marko sura ya 14 na 15 jioni ya Alhamisi Kuu pale nyavu zinaposhonwa, bila jukwaa wala spika. Injili imejaa mitumbwi na nyavu. Watu hawa hawatahitaji kuelezwa kwamba Petro alikuwa amechoka. Ushirika Mtakatifu ndio unaohitaji kasisi, na hapo ndipo parishi jirani zinapaswa kupanga pamoja: mmoja abaki mjini, mwingine alfajiri ya Pasaka awe ufukweni. Parishi moja ikipanga peke yake haiwezi. Parishi tatu zikikaa meza moja, inawezekana.

Jibu la pili huwa zito zaidi: wavuvi wanahama. Leo Kayenze, mwezi ujao Ukerewe, kisha Kome au Ukara, kule dagaa waliko. Unamfundisha mtu, anakaribia kipaimara, anatoweka. Daftari la parishi halikui. Mwisho wa mwaka taarifa inasema "lengo halikufikiwa", na mwinjilisti aliyefanya kazi kweli anaonekana mvivu.

Hapa Paulo anatusaidia: "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Na historia ya ufukwe huu inamuunga mkono. Wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Waanglikana kutoka Uingereza, walifika kusini mwa ziwa mwaka 1877. Desemba ya mwaka huohuo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Alexander Mackay, yule fundi wa mitambo aliyeishi Buganda, alifia Usambiro kusini mwa ziwa Februari 1890. CMS walifungua kituo Nassa, ambako leo ni wilaya ya Busega, wakakihudumia kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1909 wakakikabidhi kwa wamisionari wa Africa Inland Mission. Kanisa la AIC (Africa Inland Church) unaloliona limeenea Usukumani lilianzia katika shamba ambalo Waanglikana ndio waliolilima kwanza. Dayosisi yetu ya Victoria Nyanza ilizaliwa baadaye sana, mwaka 1963, chini ya Askofu Maxwell Wiggins.

Mtu anayepima kwa daftari ataita Nassa hasara. Mimi siiti hivyo. Watu walilisikia Neno, wakabatizwa, na wajukuu zao wanamwabudu Mungu Jumapili hii chini ya bati lisilo letu. Kama tunaweza kumshukuru Mungu kwa ajili ya hilo, basi tunaweza kuandika mpango usioogopa mvuvi kuhama. Badala ya kuhesabu waliobaki tu, tuhesabu pia tuliowapokea na tuliowakabidhi. Utaratibu wa barua ya utambulisho tunao tangu zamani: muumini akihama, anapewa barua kwa mchungaji wa huko aendako. Kwa mvuvi anayehama kwa taarifa ya usiku mmoja barua haimfai, ila ujumbe wa simu unamfaa. Mwinjilisti wa Igombe awe na namba ya mwinjilisti wa Nansio, na wa Nansio awe na namba ya wa Kome. Hiyo haina bajeti. Inataka mtu mmoja mwenye kujali na daftari dogo.

Ramani nayo imebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mwinjilisti aliyekuwa akipoteza nusu siku akisubiri kivuko sasa anavuka kwa dakika chache. Mipango mingi niliyoona bado inaiita Sengerema "ng'ambo", kama vile maji yako palepale katikati yetu.

Turudi kwenye lango la jaa, maana watu huliruka. Jaa ni mahali pa kutupa taka, na ni zaidi ya taka: ni uchafu wote wa mji. Katika sura ya 3 tunaambiwa aliyelijenga ni Malkiya, kiongozi wa mtaa wa Beth-hakeremu. Mkubwa mzima, akapewa lango linalotoa uchafu wa mji, akaweka milango yake, komeo zake na mapingo yake. Mialo yetu mingi ina lango kama hilo ambalo halina Malkiya: hakuna choo cha kutosha. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa mtu, vikafika majini, vikakua ndani ya konokono, kisha vikamwingia mtu mwingine kupitia ngozi akiwa anaoga, anaosha vyombo au anavuta mtumbwi. Dawa ipo, lakini anayetibiwa asubuhi na kurudi kwenye maji yaleyale jioni hajapona kwa muda mrefu. Watoto wa mwaloni ndio wanaoumia zaidi.

Ushirika wa Anglikana duniani una alama tano za utume. Nne ziliandikwa mwaka 1984, na ya tano, kutunza uumbaji, ikaongezwa mwaka 1990. Ya kwanza ni kuhubiri Habari Njema, na ya tatu ni kuitikia mahitaji ya watu kwa huduma ya upendo. Choo cha mwaloni kilichojengwa na Umoja wa Mama pamoja na vijana, kwa makubaliano na serikali ya mtaa na viongozi wa mwalo, kinagusa alama mbili au tatu kwa pamoja. Gharama yake usiilinganishe na ya uzio wa kanisa bila kwanza kwenda kuona. Na msiandike jina la parishi ukutani kwa herufi kubwa, tafadhali. Watu watajua tu nani alijenga.

Kwa wenye kikao Jumamosi hii: kabla ya kufungua ajenda, mzee mmoja wa kanisa, mama mmoja na kijana mmoja waende mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi. Wasiende na vipeperushi. Waulize mambo matatu: mwezi ukiwa mpevu ninyi huwa wapi, nani kati yenu ni mgonjwa, na nani alikuwa akisali huko alikotoka. Majibu yaandikwe, yasomwe kikaoni kabla ya taarifa ya mhazini.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewaita wavuvi wakiwa kazini, wakumbuke walio ziwani usiku huu, na wanaowasubiri nchi kavu. Walinde na dhoruba. Wape akina mama wanaoanika dagaa jua la kutosha na bei ya haki. Wape viongozi wetu miguu ya kwenda kuona kabla ya kunena. Kwa jina lako. Amina.

Juma lijalo tutasoma Nehemia sura ya 5, kilio cha waliokopa mpaka wakaweka rehani mashamba yao. Mwenye ndugu anayedaiwa na tajiri wa mitumbwi aisome mapema, aje na maswali.