Jinsi tulivyowabana wanaowauzia watoto sigara, leseni ndo ilifanya kazi

Miaka miwili tulipoteza kwa ushauri mbovu jamani. Tuliambiwa wapeni elimu wenye maduka, wataelewa. Tukafanya semina, wakaja, wakaitikia vizuri, stika za "hatuuzi kwa walio chini ya miaka 18" wakabandika. Wiki hiyohiyo namwona mtoto na sare zake za shule anatoka dukani kashika sigara, stika iko palepale mlangoni. Niliumia sana.

Sheria ya kukataza ilikuwepo siku zote, ila kumshika mtu mpaka polisi, mpaka mahakamani, na anayeshtakiwa ni kijana wa kaunta tu, mwenye duka haguswi. Nani atafuatilia kesi ya sigara moja? Ndo tukaomba halmashauri itunge sheria ndogo: anayeuza tumbaku awe na leseni ya tumbaku peke yake, mbali na ile ya biashara, ailipie kila mwaka, akikutwa kamuuzia mtoto inasimamishwa, akirudiarudia inafutwa. Duka halifungwi, sigara tu ndo haziuzwi. Na hapo ndo panapouma, maana mvutaji akikosa sigara anahamia kwa jirani na manunuzi yake yote. Waliotubishia kuhusu sigara za mojamoja tuliwasomea kifungu cha 16 cha mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, kinachotaka nchi zijitahidi kukataza kuuza sigara mojamoja, wakanyamaza.

Sasa majaribio, yaani kumtuma kijana akanunue tuone kama atauziwa, hapa nisikilizeni. Mara ya kwanza tulimtuma kijana wa miaka 17, ndevu zimeshaanza, na mimi mwenyewe nikamfundisha aseme "nimetumwa na baba". Akauziwa fasta, tukashangilia. Kwenye kikao mwenye duka akasimama, akasema mmemtuma mtoto adanganye na sura yenyewe ya mtu mzima. Kesi ikafa palepale.

Tukajipanga upya. Wa miaka 15 na 16 tu, idhini ya mzazi kwa maandishi, anapigwa picha siku hiyohiyo kabla hajaingia, akiulizwa umri anasema wa kweli. Namba ya noti tunaiandika, na mkaguzi anatangulia kuingia kama mteja. Binti akaomba sigara mbili, muuzaji yuko na simu sikioni, hata usoni hakumtazama, akachomoa mbili kwenye pakiti, akahesabu chenji huku anaongea. Noti yetu ikakutwa kwenye droo, namba ileile. Mwenye duka hakuwa na neno.

Ada mtaambiwa iwe kidogo wafanyabiashara wasilalamike. Msikubali, ada ndo inalipa ukaguzi, na bila ukaguzi leseni ni karatasi ya ukutani. Marekani sheria ya Synar ya 1992 inayataka majimbo yakague maduka kila mwaka bila taarifa, na wana sababu.

Mzunguko uliopita duka lilelile, binti mwingine. Muuzaji kaweka simu chini, kamtazama, "una miaka mingapi?" Kumi na tano. "Basi nenda nyumbani mwanangu." Niko kwenye gari ng'ambo ya barabara nasimuliwa hayo, machozi yalinitoka.

Kitu kimoja tulikosea, sigara za kielektroniki hatukuzitaja kwenye sheria ndogo yetu, na sasa wanaziuza bila leseni yoyote, imebidi turudi upya halmashauri. Nyie ziandikeni tangu mwanzo.