Nilikuwa Nyuma na Chupa za Chai

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la kazini kimetupwa kipeperushi. Mwanamume wa suti ya bluu, mikono kaikunjua kama anayekinga mvua, kipaza sauti kimebandikwa shavuni. Chini yake: teknolojia, changamoto za dunia na kuishi kwa kusudi. Kiingilio cha kawaida elfu thelathini, VIP laki moja na nusu, chakula kimo. Wenzangu wakaanza kuulizana nani anakwenda. Mimi macho yalinasa kwenye kile kipaza sauti, maana naikumbuka mara ya kwanza kukiona. Nilidhani mzungumzaji ana kidonda shavuni na kafungwa plasta.

Ilikuwa Juni 2007. Mama Neema ndiye aliyeniita, kwa kawaida yake, saa kumi na mbili asubuhi, bila salamu.

"Una sketi nyeusi?"

"Ninayo, mama."

"Njoo nayo. Na viatu visivyolia."

Ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira. Hoteli ilikuwa kubwa, nje ya mji wa Arusha ukielekea Moshi, na wageni walikuwa wa TED, shirika la Marekani linaloandaa hotuba fupi za kila aina ya mawazo, mkutano wao walioupa jina la TEDGlobal, tarehe 4 hadi 7, wenye mada ya sura mpya ya Afrika. Leo ukitaja TED hata mtoto wa kidato cha kwanza anakujibu. Wakati ule video zao zilikuwa na mwaka mmoja tu tangu zianze kuwekwa bure mtandaoni, na sisi mtandao tulikuwa tunaununua kwa nusu saa kwenye kafe ya mjini, nusu ya hiyo nusu saa ikiishia kusubiri ukurasa ufunguke.

Sheria yao moja tuliijua mapema kwa sababu ilituhusu: hakuna anayezungumza zaidi ya dakika 18. Maana yake chai haisubiri. Mama Neema alizoea semina ambazo mgeni rasmi anaanza kutambua uwepo wa watu saa nne na anamaliza kuwatambua saa tano, akakataa kuamini. Siku ya kwanza alichelewesha sambusa makusudi. Wageni wakatoka kwa dakika ileile iliyoandikwa, wakakuta meza tupu. Hakurudia.

Habari za ukumbini zilitufikia jikoni pamoja na vyombo vichafu. Kwamba kuna Mganda, mwandishi wa habari, Andrew Mwenda, amesimama kusema misaada inaiangusha Afrika badala ya kuiinua, na amewauliza watu kama wanaijua nchi iliyotajirika kwa kusaidiwa. Kwamba Bono, yule mwanamuziki wa Ireland, amemkatiza akiwa kwenye kiti chake. Jikoni tukagawanyika papo hapo. Wapishi wakawa upande wa Mganda, sisi wa vyombo tukawa upande wa Bono, ingawa hakuna kati yetu aliyeweza kuimba hata mstari wake mmoja. Ikaja nyingine: Mghana, George Ayittey, amewagawa Waafrika mafungu mawili, kizazi cha duma ambao ni vijana wasioingoja serikali, na kizazi cha viboko, wazee waliotuama kwenye maji yao wakilaumu ukoloni. Dereva mmoja wa watalii, aliyekuja kuomba maji ya moto, alicheka sana. Akasema huyo bwana hajakaa mbugani: duma wanazidi kwisha, na kiboko ndiye anayeua watu.

Kulikuwa na mengi. Jane Goodall alikuja, yule mama wa sokwe wa Gombe, na huyo hata sisi tulimjua. Lakini nataka kuelezea jambo moja.

Siku hiyo, sikumbuki ya ngapi, niliambiwa nipeleke chupa za chai kwenye meza ya nyuma kabisa ndani ya ukumbi. Chupa mbili mkono huu, mbili mkono huu, na amri: zisigongane. Ndani kulikuwa giza, mwanga wote uko jukwaani. Walikuwa wawili kule mbele. Mmoja Chris Anderson, mwenye mkutano, sauti yake ya upole. Wa pili kijana mwembamba, rika langu kabisa, anayeonekana kutamani pangetokea mlango hapo aliposimama.

Ikaoneshwa picha ya nyumba. Nyumba ya kijijini, ya kawaida, ingeweza kuwa ya kwetu. Akaulizwa ni nini. Akasema ni nyumbani kwao. Wapi? Kasungu, Malawi.

Kiingereza chake kilikuja kwa vipande, kimoja kimoja, na kati ya kipande na kipande kulikuwa na kimya ambacho mimi nilikifahamu vizuri. Mwezi uliopita nilikuwa nimetoka kwenye usaili wa ofisi moja mjini. Niliambiwa nijieleze kwa Kiingereza, nikajieleza kwa jasho. Kwa hiyo kila alipokwama, mimi kule nyuma nilikuwa namtafutia neno, midomo inacheza, chupa nne mikononi. Miaka miwili baadaye, akiwa Oxford kwenye mkutano mwingine wa watu haohao, alikuja kusema mwenyewe kwamba siku ile Arusha Kiingereza kilimpotea, akataka kutapika, na hakuwahi kuzungukwa na Wazungu wengi kiasi kile. Nilipoisikia nilicheka peke yangu. Nilikuwepo, ndugu yangu, nilikiona kinapotea.

Jina lake William Kamkwamba. Mkiandika tu mtandaoni mtampata. Njaa ya mwaka 2002 iliikumba Malawi, ada ikakosekana, akaacha sekondari. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, akakuta kitabu chenye picha ya mtambo wa upepo. Alikuwa na miaka 14.

Ikaja picha nyingine: mnara wa miti, na juu yake mapanga yanayozunguka. Fremu ya baiskeli niliitambua kabla hajafika kuisema. Feni ya trekta. Dinamo. Mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto yakafunguka bapa, akayafanya mapanga. Kutoka humo zikawaka balbu nne na redio mbili.

Sasa niwaambie kwa nini niliziweka chupa chini. Asubuhi ileile, nikitoka nyumbani gizani, nilikuwa nimejikwaa kwenye vitu hivyohivyo. Dinamo, mnyororo, rimu isiyo na spoki, moyo wa redio ya Philips. Vilikuwa vimejaa chini ya kitanda cha mdogo wangu Elia hadi vimetokeza, na mama alikuwa amempa wiki moja kabla hajamwita mtu wa vyuma chakavu. Ni mkusanyiko uliokuwa aibu ya nyumba yetu, na sasa umesimamishwa ukutani, mkubwa kuliko gari, na watu waliokuja kwa ndege wameukodolea macho.

Akasema alijaribu, akaweza. Ni hivyo tu, maneno machache yasiyofuata nyakati za Kiingereza tulizochapiwa viboko. Makofi yakalipuka. Waliokuwa mbele yangu wakasimama, warefu wote, na tangu hapo jukwaa sikuliona tena. Niliona migongo, mikoba, kadi zinazoning'inia shingoni. Mama mmoja wa Kizungu alivua miwani akafuta macho. Nami nilikuwa nimesimama na mikono mitupu, nataka kupiga makofi na sijui kama mhudumu anaruhusiwa.

"We," Mama Neema akaninong'oneza sikioni, "chupa haziwekwi sakafuni."

Nikaziokota.

Nilifika nyumbani usiku. Mnaokujua kwetu mnajua nyaya zile za umeme mkubwa zinazopita juu ya migomba. Usiku wa ukungu unazisikia zikivuma, na sisi chini yake tumewasha koroboi. Mwaka uliotangulia, 2006, ukame ulipokausha mabwawa na mjini wakalia mgao, majirani zetu walikuwa wakiuliza kwa dhati kabisa: mgao ni nini? Aliyekuwa akiwagawia wao umeme hakuwa na cha kutugawia sisi. Betri za redio tulianika juani, zikipata nguvu kidogo ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili.

Elia alikuwa na miaka 17. Ada ilimshinda kidato cha pili, kisha akapata kibanda cha kutengeneza redio sokoni Tengeru. Nikamsimulia yote nikiwa sijavua hata kanga ya safari. Nilitarajia aruke. Alinisikiliza akiwa anakwangua kutu kwenye kitu fulani, akaniuliza mapanga yalikuwa na urefu gani, nikasema sijui. Mzunguko wa gia? Sijui.

"Mimi nilishafunga dinamo kwenye mfereji," akasema.

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau. Alitengeneza kigurudumu cha mabati, akakitega kwenye mfereji wa kumwagilia unaopita shambani, balbu ikawaka usiku mzima. Asubuhi akaja mwenye zamu ya maji, akaona kuna kitu kinamzuilia maji yake, akaking'oa akakitupa. Baba akaenda kuomba radhi kwa niaba ya familia. Hapakuwa na mwandishi wa habari.

Halafu Elia akauliza swali ambalo mimi, niliyekuwa ukumbini na kusikia kwa masikio yangu, sikulifikiria.

"Hicho kitabu alikipata wapi?"

"Maktaba."

"Maktaba ya nani?"

Jibu nililipata miaka mingi baadaye. Vile vitabu vilikuwa vya msaada, vililetwa kwa fedha za Wamarekani. Nikampigia Elia simu, akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi mwambie yule Mganda wako." Nikacheka, lakini limenikaa. Nadhani Mwenda angenijibu kwamba kitabu kimoja na bajeti ya serikali si kitu kimoja, na angekuwa sahihi. Mkutanoni hapohapo Ngozi Okonjo-Iweala, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Nigeria, alisimulia alivyombeba mdogo wake mgongoni, binti mdogo mwenye malaria, wakati wa vita vya Biafra huko kwao, kumfikisha kwa daktari. Ukiwa na mgonjwa mgongoni huulizi dawa imelipiwa na nani. Nikimsikiliza huyu nakubali, nikimsikiliza yule nakubali, na nimekuwa hivyo tangu 2007.

Kinachonisumbua zaidi ni namna yule kijana alivyopatikana. Ofisa mmoja wa mradi ule wa vitabu alipita, akauona mnara, akaita waandishi. Gazeti la Malawi likaandika mwishoni mwa 2006. Vijana wa kompyuta wa huko wakaisoma, wakaiweka kwenye blogu. Emeka Okafor, Mnigeria aliyekuwa akiandaa mkutano wa Arusha, akaiona blogu hiyo akaanza kumsaka mtu ambaye hakuwahi kuuona mtandao. Mkono mmoja tu ungeteleza, mnara ule ungebaki Kasungu na watu wangeendelea kumwita mwendawazimu, kama walivyokuwa wakimwita. Badala yake alisomeshwa, akapita Johannesburg, akamaliza Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 2014. Namfurahia kwa moyo wangu wote. Halafu namkumbuka mwenye zamu ya maji.

Elia hamfikirii. Nilimwuliza. Alisema yule mzee alikuwa na haki, mahindi yake yalikuwa yanakauka.

Mwaka 2017 TEDGlobal ikarudi Arusha. Nilikuwa nimeshahamia Dar, Mama Neema alishastaafu. Kijijini umeme wa REA, wakala wa serikali wa umeme vijijini, ulikuwa umefika, kuunganishwa shilingi 27,000, na mama akauweka kwanza kwenye banda la kuku. Elia siku hizi anafunga sola na kutengeneza inveta, ana vijana watatu wanaojifunza kwake. Wiki iliyopita aliniomba nimtafutie mtandaoni maelezo ya inveta, niyachape, nimtumie kwa basi, kwa sababu kusoma kwenye simu kunawamaliza bando na macho. Nikachapa kurasa arobaini, za picha nyingi. Juzi kijana wake mmoja akanipigia kwa simu ya Elia, kwa adabu zote, shikamoo dada, akashukuru, kisha akauliza kama hizohizo zipo za Kiswahili. Bado natafuta. Mwenye nazo anitumie.