Alikuja Kutulaki Namanga

Masomo: Warumi 15:30–33, Matendo ya Mitume 28:11–16

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi mmeniuliza nilikuwa wapi Jumapili ya Pasaka, maana nafasi yangu kwenye kwaya ilikuwa wazi. Nilikuwa Arusha pamoja na marafiki zangu wawili, nyumbani kwa mwenzetu wa nne. Tulitoka Nairobi alfajiri ya Ijumaa Kuu, tukarudi Jumatatu ya Pasaka usiku. Kabla ya safari moyo ulinisumbua sana. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniuliza, tena kwa upole, kama Pasaka ni wakati wa kwenda kutembea nchi za watu na marafiki. Sikuwa na jibu. Nimelipata njiani.

Sisi wanne tulifahamiana chuoni, tukiomba pamoja kila Jumatano usiku na kugawana mkate mmoja kwa sababu hela ya mikate miwili haikuwapo. Mmoja sasa ni mwalimu, mwingine ni nesi, mimi mnanijua. Wa nne ni Mtanzania. Alipomaliza masomo alirudi kwao. Mwaka jana alifiwa na mama yake. Habari ilitufikia kwa simu, tukalia kwa simu, tukachanga, tukatuma. Hatukwenda. Mwalimu alikuwa na mitihani, nesi alikuwa na zamu, na mimi nilikuwa na kazi ambayo leo, hata nikijaribu, siikumbuki ilikuwa kazi gani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Hapa Nairobi tumezoea hivyo. Msiba ukitokea kundi linafunguliwa kwenye simu, mweka hazina anachaguliwa, majina yanaorodheshwa na kiasi kando yake, nawe ukishatuma chako unajiona umefika. Sisemi michango iachwe. Hospitali inadai, jeneza linanunuliwa, watu lazima wale. Lakini mchango hauketi jikoni na mfiwa siku ya tisa, wageni wakishaondoka.

Yeye hakutulaumu hata siku moja. Mwezi wa pili aliandika tu: Pasaka njooni mpumzike.

Basi dogo lilitupitisha Kitengela, Isinya, Kajiado, Bisil. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na zile nyanda tulizozoea kuziona kavu zilikuwa kijani mpaka kwenye vilima. Kutoka Nairobi hadi Namanga ni kama kilomita 165, na kutoka hapo hadi Arusha ni kama 110 nyingine. Tulikubaliana atatungoja stendi ya Arusha. Siku hizi pale mpakani mhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania unagongewa ndani ya jengo moja, dirisha kwa dirisha. Nesi alitushikilia kidogo akitafuta cheti chake cha homa ya manjano. Mkoba mzima aliumwaga kwenye kaunta. Tulipotoka upande wa pili, katikati ya kina mama wa Kimaasai waliotuzunguka na shanga zao, tukasikia, "Karibuni. Poleni na safari."

Alikuwa yeye. Amejifunga kanga, mkononi ana kikapu, na ndani ya kikapu chupa ya chai na vikombe vinne vya bati vilivyofungwa kwa kitambaa visigongane. Alikuwa ameondoka nyumbani usiku. Nilitaka kumpa pole ya mama, sauti ikakataa. Akanishikisha kikombe, akamimina.

Ndugu zangu, sote tunajua nani alipaswa kumwendea mwenzake.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma kabla hajawahi kukanyaga mji wao. Mwisho wa sura ya 15 anawasihi wamwombee mambo: aokolewe na wale wasioamini kule Uyahudi, na huduma anayopeleka Yerusalemu ikubaliwe na watakatifu. Hapo hatushangai, hayo ni maombi ya mtumishi. Kisha anaongeza kwamba anataka afike kwao kwa furaha, "nikapate kupumzika pamoja nanyi." Nimesoma Warumi mara nyingi, na kila mara neno hilo nililipita kama mtu anayepita kibao cha barabarani. Paulo, aliyepigwa mawe na kuzungushwa magereza, anaomba watu wapige magoti ili apate kupumzika. Wala si peke yake pangoni. Pamoja nao.

Jibu lilichukua kama miaka mitatu, na halikuja kwa njia aliyoipanga. Alikamatwa Yerusalemu, akakaa kifungoni Kaisaria miaka miwili, jahazi likavunjika, akakaa kisiwani Melita miezi mitatu. Roma akaingia amefungwa mnyororo. Lakini Luka, aliyekuwa naye, ameandika jambo dogo ambalo angeweza kuliruka: ndugu waliposikia habari zao walitoka kuwalaki mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Soko la Apio liko zaidi ya kilomita 60 kutoka Roma, na yaelekea watu wale walikwenda kwa miguu. Hawakungoja mfungwa aletwe mjini ndipo wamtembelee. "Paulo alipowaona alimshukuru Mungu, akachangamka."

Akachangamka! Mtu huyu alitokewa na malaika wa Mungu usiku katikati ya tufani, akaambiwa wazi kwamba atasimama mbele ya Kaisari. Ahadi alikuwa nayo. Bado alihitaji kuona nyuso za watu barabarani, na Maandiko hayamwonei aibu kwa hilo. Nimewahi kufikiri kwamba mwamini aliyekomaa hahitaji mtu, ana Mungu. Sifikiri hivyo tena.

Jioni ile tulipofika Arusha, binti wa rafiki yetu, mwenye miaka saba, alituamkia mmoja mmoja: "Shikamoo, mama mkubwa." Huku kwetu angetuita anti, basi. Mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama yake. Nilimtazama rafiki yangu, naye alikuwa ameinama anachambua mchele, hakuinua uso. Miezi yote ile tulipokuwa hatuonekani, mtoto alifundishwa kwamba sisi ni dada za mama.

Jumamosi alitupeleka Machame, Kilimanjaro, kwao, mama alikozikwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba na mibuni. Ardhi ilikuwa imelowa, viatu vyetu vilizama. Kando ya kaburi yameota masale, ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga hupanda pia kwenye mipaka ya vihamba. Nesi akauliza ni maua gani. Shangazi mtu akaeleza kwamba si maua. Kwao ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, na akiletewa hilo, ni vigumu mno kukataa kusamehe. Alisema hivyo kama anayeeleza habari za mboga, hakujua chochote juu yetu. Mwalimu ndiye aliyeanza kulia. Tukaomba msamaha pale pale, kwa maneno, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikataja kazi nisiyoikumbuka. Rafiki yetu alituachia mpaka tulipomaliza. Kisha akasema, "Mama alikuwa akiwaulizia." Akaenda kuwasha moto, tukala mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama.

Jumapili tulisali naye kwenye usharika wake wa Kilutheri. Baada ya ibada huwa kuna mnada nje: sadaka za mayai, ndizi na kuku zinanadiwa, na sisi tulinunua mkungu wa ndizi tusioweza kuubeba mpaka Nairobi, tukamwachia mama mmoja mjane. Alasiri hatukufanya lolote. Tulilala kwenye mikeka sebuleni wote wanne kama zamani chuoni, mvua inapiga bati, na kila mmoja alipozinduka alikuta mwingine anazungumza. Katika ile alasiri niliomba kwa shukrani kuliko nilivyoomba mwezi mzima wa mfungo.

Mzee wangu, nilirudi nikaja kwako kukueleza haya, nawe ukaniambia una rafiki Kakamega hamjaonana tangu msiba wa mkewe. Tunakuombea safari.

Mwezi wa nane rafiki yetu anakuja Nairobi na binti yake. Mwalimu alipendekeza tukamlaki Kitengela, kwa kuwa ni siku ya kazi. Nesi ameshabadilisha zamu yake. Tunakwenda Namanga, na vikombe vya bati tumevinunua, sita.