Siku moja maishani mwangu: zamu ya kuchagua data za vyombo vya anga vya MMS

Saa moja asubuhi. Naanza na upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji za umeme utokao juani, kwa vipimo vya ACE, chombo kilicho takriban kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea juani. Usiku kucha ulivuma karibu kilomita 400 kwa sekunde, mwendo wa kawaida, ila uga wake wa sumaku ulielekea kusini. Ukielekea huko hukabiliana na uga wa Dunia uso kwa uso, na mimi hukaa mkao wa kazi.

Saa tatu. Data za muhtasari zimefika. MMS ni vyombo vinne vilivyorushwa Machi 2015, na huruka kwa umbo la piramidi, mara nyingine vikikaribiana hadi kilomita 7 hivi. Chombo kimoja peke yake hakitofautishi kitu kinachobadilika na kitu kinachopita tu, vinne hutofautisha. Hupima elektroni kila milisekunde 30. Data hizo za kina haziwezi kutumwa zote, kwa hiyo mwanasayansi wa zamu huchagua vipande. Kisichochaguliwa hufutwa, na hakirudi tena.

Saa nne hadi saa nane. Vyombo vinavuka mpaka wa magnetosfia, eneo linalotawaliwa na uga wa sumaku wa Dunia. Nje plazima, yaani gesi ya chembe zenye chaji, ni nzito na ya baridi kiasi, ndani ni nyepesi na moto sana. Namba zinapanda na kushuka, kisha nanyanyuka kitini: ioni, chembe zenye chaji chanya, zinakimbia kuelekea kusini, na muda mfupi baadaye zinakimbia kaskazini. Mkondo ukigeuka hivyo, huenda pale mistari ya sumaku inapokatika na kuungana upya pamepita palepale vilipokuwa vyombo. Hapo nishati ya sumaku hugeuka kuwa mwendo na joto la chembe. Nakipa kipande hicho kipaumbele cha juu kabisa.

Naongeza pia dakika chache tulivu. Wapo wanaoziona hasara. Mimi naona bila utulivu wa kulinganishia, hata tukio kubwa hulielewi.

Saa tisa natuma orodha na sababu zangu, namkabidhi mwenzangu zamu.

Jioni narudi kwenye tukio la Oktoba 16, 2015, ambapo MMS ilikuta elektroni ambazo, kwenye mchoro wa kasi zao, zimejipanga kwa umbo la mwezi mwandamo, katikati kabisa ya eneo la muungano. Data kamili za leo zikishuka, umbo hilo ndilo nitakalolitafuta kwanza.