Nauli za punguzo kati ya Coventry, Birmingham na London: uzoefu wangu

Kwa muda wote niliosoma shahada ya uzamili Birmingham, Uingereza, niliishi mji wa jirani wa Coventry, na karibu kila mwezi nilikwenda London kumtembelea dada yangu na mume wake. Kwa hiyo nilikuwa abiria wa aina mbili: yule wa safari fupi za kila siku, anayesimama karibu na mlango wa behewa akiwa amekumbatia begi kifuani, na yule wa safari ndefu kati ya miji. Miezi ya mwanzo nililipa nauli kamili katika safari zote. Punguzo lilikuwepo, lakini kila nilipolifuata nilikuta ama limekwisha, ama halihusu treni niliyotaka kupanda.

Hatua ya kwanza ilikuwa kadi ya punguzo, ile inayoitwa Railcard, ambayo humpunguzia mwenye nayo theluthi moja ya nauli. Nilikuwa nimeipuuza kwa sababu ile niliyokuwa nikiiona ikitangazwa ni ya watu wa miaka 16 hadi 25, nami umri huo niliupita zamani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwanafunzi wa muda wote aliyevuka miaka 25 naye hupewa kadi hiyohiyo, mradi chuo kithibitishe kwamba ni mwanafunzi wao. Nilipeleka fomu chuoni ikagongwa muhuri, na katika muda wa siku chache nikawa kijana kwa mujibu wa sheria za reli.

Furaha hiyo haikudumu hata wiki moja. Kadi ya aina hii ina kiwango cha chini cha nauli: kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa 10:30 alfajiri na saa 4:00 asubuhi, haiwezi kushusha nauli chini ya paundi 12, isipokuwa mwezi wa Julai na Agosti, ambapo kizuizi hicho huondolewa. Kwa anayekwenda mbali hilo si tatizo kubwa. Kwa safari fupi kama yangu, ambayo nauli yake kamili ilikuwa chini ya paundi 12, maana yake ni kwamba asubuhi kadi haikuwa na faida yoyote, na kununua tiketi yenye punguzo kisha kusafiri nayo katika saa hizo ni kosa ambalo mkaguzi ana haki ya kulichukulia hatua.

Ndipo nilipogundua nusu saa moja ya ajabu sana. Katika eneo lile, tiketi za nje ya saa za msongamano, ziitwazo Off-Peak, huanza kutumika saa 3:30 asubuhi, ilhali kiwango cha chini cha kadi huendelea kubana hadi saa 4:00. Aliyepanda treni katika nusu saa hiyo alikuwa amepata unafuu wa Off-Peak lakini si wa kadi. Aliyevumilia hadi saa 4:00 alipata vyote viwili. Kwa kuwa vipindi vyangu vingi vilianza saa 5:00, na treni huchukua kati ya dakika 20 na nusu saa hivi, nilianza kufika stesheni mapema kama kawaida yangu, nikaketi kwenye benchi la jukwaani nikisoma, huku treni mbili au tatu zikija na kuondoka mbele yangu. Mara ya kwanza mhudumu mmoja aliniuliza kama nimepotea. Nilimwonyesha saa ya ukutani, akatikisa kichwa na kucheka; nadhani sikuwa wa kwanza.

Nilipiga pia hesabu ya tiketi za msimu, zile zinazolipiwa mara moja kwa kipindi kizima. Ya mwaka mzima huuzwa kwa takriban bei ya tiketi 40 za wiki moja, jambo linalomfaa anayekwenda kazini siku tano kwa wiki bila kukosa. Tangu mwezi Juni 2021 ipo pia Flexi Season, inayompa abiria siku 8 za kusafiri ndani ya siku 28. Nilidhani imetengenezwa kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa na vipindi siku mbili kwa wiki, na mbili mara nne ni nane. Lakini nilipoilinganisha na tiketi ya Off-Peak ya kwenda na kurudi yenye punguzo la kadi, ile Flexi ilishindwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya thamani yake ni ruhusa ya kusafiri wakati wa msongamano, ruhusa ambayo mimi sikuihitaji. Ingekuwa ninaingia kazini saa 2:00 asubuhi, jibu lingekuwa jingine kabisa. Hapa lazima nikiri kwamba unafuu wangu wote ulitokana na ratiba ya chuo. Muuguzi wa zamu ya asubuhi hana benchi la kukalia hadi saa 4:00.

Safari za London zilinichukua muda mrefu zaidi kuzielewa. Tiketi za bei ya chini kabisa huko ni Advance, yaani za kununuliwa mapema, ambazo hufungwa kwenye treni moja tu iliyotajwa, na huuzwa kwa mgao. Kila treni ina idadi yake ya viti vya kila daraja la bei: vikiisha vya daraja la chini mfumo hupanda daraja linalofuata, hadi vyote vimalizike na kubaki nauli za kawaida. Mimi nilikuwa nikitafuta kwa siku, nikiona bei ya juu nikasema leo ni ghali, nikafunga ukurasa. Kumbe siku haina bei. Yenye bei ni treni, na kati ya treni mbili zinazofuatana kwa dakika 20 moja inaweza kuwa imebakiwa na viti vya daraja la chini na nyingine haina hata kimoja.

Tiketi hizo kwa kawaida hutolewa takriban wiki 12 kabla ya safari, kwa sababu huo ndio muda ambao msimamizi wa reli hulenga kuwa amekamilisha ratiba. Mwishoni mwa wiki mambo hubadilika, hasa Jumapili, ambapo matengenezo ya njia huchelewesha ratiba na tiketi nazo zikachelewa. Nilipoteza jioni nyingi nikiangalia Jumapili ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa, nikidhani kwamba viti vya nafuu vimekwisha kuuzwa. Siku hizi nikiona tarehe yenye nauli kamili peke yake, bila Advance hata moja kwenye treni yoyote, najua kwamba uwezekano mkubwa ni kwamba bado hazijatolewa, na nasubiri. Jambo jingine dogo nililolibaini ni kwamba nilipotafuta tiketi mbili kwa pamoja, yangu na ya rafiki, bei ya kila moja ilikuwa juu. Nilipotafuta moja peke yake, ya kwanza ilikuwa ya daraja la chini. Kiti cha bei hiyo kilikuwa kimebaki kimoja, na mfumo ulikuwa ukitupandisha sote wawili.

Lakini aliyenifumbua macho ni shemeji yangu. Kutoka stesheni ya Euston, London, jioni za siku nyingi za kazi, tiketi nyingi za Off-Peak hazikubaliwi kwa saa kadhaa, na mimi nilikuwa na mazoea ya kusubiri treni ya kwanza baada ya kizuizi kwisha. Ilikuwa imejaa daima. Watu husimama wakikodolea ubao wa matangazo, namba ya jukwaa ikitokea dakika chache kabla ya treni kuondoka umati wote hukimbia kama maji yaliyofunguliwa bomba, na anayevuta sanduku huachwa nyuma. Nilimlalamikia kwamba treni hiyo haina Advance za bei nafuu hata nikiwahi namna gani.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo ndiyo ambayo kila mtu anaisubiri, sasa wakupunguzie wewe kwa sababu gani? Angalia za kabla yake."

Za kabla yake ni za saa za msongamano, nami nilikuwa nimeziondoa kwenye mawazo yangu nikiamini kwamba ni za matajiri na wanaolipiwa na kampuni zao. Nilipoziangalia nilikuta kwamba kizuizi cha jioni kilikuwa cha tiketi za Off-Peak. Advance ina kanuni yake, na zilikuwepo katika baadhi ya treni hizo, kwa bei ya chini kuliko ya treni niliyokuwa nikiing'ang'ania. Sababu ni nyepesi ukishaambiwa: nauli kamili hufukuza watu, mabehewa ya safari ndefu huondoka na viti vitupu, na kampuni huona heri kuviuza kwa nafuu kuliko kuvisafirisha bila mtu. Wiki iliyofuata nilirudi Coventry katikati ya saa za msongamano nikiwa nimeketi dirishani, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa na koti langu tu.

Pale ambapo Advance zilikosekana nilitumia treni ya polepole, inayosimama Milton Keynes, Northampton na Rugby, na ambayo ina nauli zake za chini zinazokubaliwa katika treni za kampuni inayoiendesha peke yake. Treni hiyohiyo ilinipa nafasi ya kugawa tiketi, yaani kununua moja ya kufika Northampton na nyingine ya kuanzia hapo. Masharti ya usafiri yanaruhusu, na hulazimiki kushuka, ila treni lazima isimame katika stesheni unayogawia. Asubuhi kabla ya saa 4:00 nilikuwa siigawi, kwa kuwa kile kiwango cha paundi 12 huhesabiwa kwa kila tiketi, ingawa kwa kadi yangu tiketi za Advance hazikuguswa nacho.

Kosa lililoniuma zaidi nililifanya nikiwa tayari najiona mjuzi. Siku moja Advance ya London hadi Birmingham ilikuwa na bei ya chini kuliko ya London hadi Coventry, japo treni ni ileile na Coventry ndiyo inayotangulia. Nadhani ni ushindani: Birmingham inafikika pia kwa reli nyingine inayoanzia Marylebone, ambayo haipiti Coventry. Nikanunua ya Birmingham, nikashuka nyumbani. Geti lilikataa kufunguka. Mhudumu aliitazama tiketi, akanieleza kwa upole kwamba Advance hairuhusu kushuka njiani wala kuanzia katikati, na nikalipa nauli nyingine ya safari ambayo nilikuwa nimeshaisafiri. Bei niliyolipa pale getini ingenitosha kwenda London mara mbili.

Tangu hapo nasoma masharti kabla ya bei. Nikijua kwamba huenda nikachelewa, sinunui Advance, maana hairudishiwi fedha abiria akighairi, na kuibadilisha kabla ya treni kuondoka kwa kawaida huambatana na ada ya paundi 10 pamoja na tofauti ya nauli. Safari ambayo bado sijaiweza ni ya Ijumaa jioni kutoka London, ambapo wiki 12 kabla nakuwa sijui ratiba yangu, na nikishaijua viti vya daraja la chini huwa vimekwisha. Siku hizo napanda treni ya polepole na kitabu kinene, au namwambia dada kwamba nitalala kwao hadi Jumamosi asubuhi.