Nilivyozipima Jeni za Kusafirisha Fosfeti katika Mizizi ya Mahindi

Udongo mwekundu wa Kabete, pembeni mwa Nairobi, una oksidi nyingi za chuma na alumini ambazo huishika fosfeti, yaani fosforasi katika umbo ambalo mmea huinyonya, kiasi kwamba mahindi machanga yanaweza kugeuka rangi ya zambarau kwa kuikosa hata kama mbolea imetiwa. Nilipotaka kuchunguza jeni za PHT1, zinazotumika kuunda protini za kuingiza fosfeti mizizini, ilinibidi kwanza niuache udongo huo, maana ndani yake ni vigumu kujua mmea umepata fosfeti kiasi gani. Nikapanda mahindi katika mchanga uliooshwa kwa asidi na kusuuzwa, baadhi ya miche nikiinywesha maji yenye madini yote na mingine maji yasiyo na fosfeti, huku potasiamu iliyopungua pamoja na fosfeti hiyo nikiifidia kwa kloridi ya potasiamu.

Kazi hasa ilikuwa kuvuna mizizi. RNA, yaani nakala za jeni zinazoonyesha ni jeni ipi inafanya kazi, huharibika upesi, na jeni nazo hubadili mwenendo mmea unaposhtuliwa, kwa hiyo naitrojeni ya kimiminika ilikuwa tayari kabla ya kung'oa mche wowote. Mzizi ulisuuzwa, ukakaushwa kwa karatasi, ukagandishwa, kisha ukatwangwa katika kinu cha kauri kilichopozwa hadi ukawa unga mkavu kama sembe. Unga ukianza kulowa, sampuli hiyo ni ya kutupa.

Vipimo vya PCR, njia ya kuzidisha nakala hizo ili zihesabike, vikilinganishwa na jeni ya aktini ambayo mwenendo wake haubadiliki sana, vilionyesha kwamba PHT1 kadhaa zilifanya kazi zaidi katika mizizi iliyonyimwa fosfeti. Hilo nililitarajia, kwani protini za kundi la PHR1 huziamsha jeni hizo njaa inapoingia. Fosfeti katika maji ya udongo kwa kawaida haifiki mikromola 10, ilhali ndani ya seli hufikia milimola kadhaa, yaani maelfu ya mikromola. Ndiyo maana mmea hugharimia nishati kusukuma protoni (chembe za hidrojeni zenye chaji chanya) nje ya seli, nazo zinaporudi huingia pamoja na fosfeti.

Mwenzangu wa maabara alidai kwamba jeni hizo zikiongezwa, mavuno yatapanda. Sikukubali, kwa kuwa miche iliyoziamsha zaidi ndiyo iliyokuwa dhaifu zaidi, na katika mpunga, OsPT8, mojawapo ya PHT1 za mpunga, ilipozidishwa penye fosfeti ya kutosha, majani yalionyesha dalili za sumu ya fosfeti iliyozidi. Mimi navutiwa zaidi na PT11, PHT1 nyingine ya mpunga, inayoamka pale kuvu za mikoriza, zinazoishi kwa kushirikiana na mmea, zinapoingia mzizini, kwa sababu nyuzi za kuvu hufika mahali ambapo mzizi haujafika. Sasa napanda katika udongo wenyewe wa Kabete, bila kuuchemsha, ili kuvu zake zibaki hai.