Kupima sikoseli kwa slaidi Pemba: ninavyofanya mimi

Kipimo cha sikoseli cha slaidi na unga wa sodiamu metabaisalfaiti hakitaki mashine wala fedha nyingi, na katika maabara ndogo za huku Pemba ndicho ninachokitegemea. Wengi wamekikatia tamaa wakisema leo kinatoa jibu hili, kesho lile. Kwa nilivyokizoea, lawama karibu zote ni za unga uliokufa na hewa iliyopenya.

Tuanze na damu yenyewe. Himoglobini ni protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Mwenye himoglobini S, ile ya sikoseli, ana badiliko dogo mno: nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayoiunda protini hiyo, palipotakiwa kukaa asidi amino ya glutamiki, imekaa nyingine, valini. Himoglobini hiyo ikiwa imebeba oksijeni haina tatizo. Ikishaiachia, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi ndefu ngumu, na chembe nyekundu iliyokuwa laini na ya duara huvutika ikachongoka. Chembe za namna hiyo hukwama kwenye mishipa midogo, ndipo mtoto analia mifupa. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi siku 10 hadi 20, kwa hiyo damu hupungua na macho huingia manjano. Kazi ya metabaisalfaiti ni kuila oksijeni iliyomo ndani ya tone, ili tulione juu ya slaidi lile linalotokea mwilini.

Napima gramu 0.2 za unga, nayeyusha katika mililita 10 za maji ya distili, napata asilimia 2. Maji ya kisima siyatumii hata yakiwa meupe vipi, kwani visima vyetu vingi vina chumvi. Nachanganya asubuhi na jioni namwaga kilichobaki. Dawa ya jana ni maji tu, kwa sababu imeshakutana na oksijeni ya hewani na nguvu imekwisha. Unga mkavu nao una adui wake, unyevu. Wakati wa masika chupa iliyofungwa ovyo hufanya mabonge. Unga mzima unachoma pua kama kijiti cha kiberiti kinapowashwa. Usiponusa kitu, usiupimie mtu.

Tone moja dogo la damu, ya kidole au ya chupa yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), nalitia katikati ya slaidi. Juu yake matone mawili ya dawa, nakoroga kwa ncha ya kijiti, nafunika kwa kioo chembamba nikikilaza taratibu kutoka upande mmoja ili povu litoke. Damu inayofurika pembeni naifuta kwa karatasi. Kisha nazungushia vaselini kingo zote nne, bila kuacha pengo. Hapa ndipo watu wanapofanya haraka. Pengo dogo tu linaingiza hewa na chembe za karibu nalo hubaki duara, hivyo anayesoma ukingoni ataandika hasi wakati katikati ya kioo zimejaa zilizopinda. Mimi husoma katikati, kwa lenzi ya 40 ya hadubini, baada ya nusu saa, saa moja na saa mbili. Ikiwa bado hasi, slaidi naiweka kwenye sahani yenye karatasi mbichi na kuisoma tena baada ya saa 24.

Kila siku naweka slaidi mbili za ziada: damu ya mtu anayejulikana kuwa na S, na ya asiyekuwa nayo. Ile ya kwanza isipopinda, majibu yote ya siku hiyo hayatoki.

Kinachodanganya macho zaidi ni chembe zilizokauka. Hizo huota miiba mifupi, inayolingana, kuizunguka chembe nzima. Chembe ya sikoseli ina ncha mbili kali na tumbo lililopinda, au pembe chache ndefu zisizolingana.

Chanya maana yake ni kwamba S ipo. Haikwambii kama mtu ni AS, mbebaji mwenye afya yake, au SS, mgonjwa. Kuna wanaobahatisha kwa kasi ya kupinda, eti ikiwahi ni SS. Sikubaliani nao kabisa. Kutenganisha ni kazi ya elektroforesisi, kipimo kinachozigawa aina za himoglobini kwa umeme, na sampuli lazima isafirishwe. Mama akiniuliza, "Mwanangu anaumwa?" namjibu, "Mama, kipimo hiki hakijafika huko, kuna kingine." Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, na katika koo zetu zinazooana binamu kwa binamu neno hilo linafaa kusemwa kabla ya posa. Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini S, iliyoenea kwa kuwa AS huwakinga watoto na malaria kali, ingali katika damu zetu.

Mtoto wa chini ya miezi 6 bado ana himoglobini nyingi ya uchangani, aliyotoka nayo tumboni, ambayo huzuia nyuzi kushikana. Hasi yake siiandiki kama jibu, naandika arudi. Aliyeongezewa damu naye namwambia asubiri miezi 4, chembe za mchangiaji ziishe kwanza.